Dozi ya Chakula Kisicholiwa

Mama yangu anadungwa sindano za insulini za aina mbili. Ya usiku hufanya kazi polepole, kutwa kucha. Ya pili ni ya chakula: hudungwa anapokaribia kula, na kipimo chake hufuata kilichomo sahanini. Muhogo ukiwa mwingi, dawa huongezwa. Ukiwa kidogo, hupunguzwa. Hesabu hiyo naifanya mimi, na imenikaa kichwani mpaka hata sahani za wageni harusini nazipigia hesabu.

Ramadhani iliyopita daktari alimkataza kufunga kwa sababu ya figo zake. Mama akajibu "inshaallah", basi. Kwetu Kikwajuni, mtu mzima kula mchana wa Ramadhani ni jambo la kujifungia chumbani, hata kama ni mgonjwa, na mama mwenyewe alikuwa hodari wa kuwacheka wala kobe, wanaokula mchana kwa kujificha. Kila adhuhuri, nami nimefunga na midomo imenikauka, nilimpikia, nikampima sukari, nikamdunga na kumwekea chakula mbele yake.

"Haya, toka," huniambia. "Sitaki kutazamwa nnakula."

Nilitoka. Sahani ilirudi tupu kila siku.

Tabu ikaja alasiri. Mikono ikimtetemeka, jasho likimtoka, sukari imeshuka. Nilimpelekea juisi, akasema niiweke hapo, atainywa. Daktari akaniambia kwa simu tupunguze dawa ya chakula. Tukapunguza, ikashuka vile vile. Akasema tupunguze na ya usiku. Hapo sukari ya asubuhi ikapanda, na ya alasiri ikaendelea kushuka. Nilikasirika na mashine ya kupimia, na daktari, na muhogo wa soko la Darajani. Zaidi ya hasira nilikuwa na hofu. Kila nilipoufungua mlango wake niliogopa kumkuta mwili umeshapoa.

Jioni moja, jua bado lipo, jirani yetu alikuja kurudisha bakuli, na ndani ametia kachori kwa kuwa bakuli halirudishwi tupu.

"Mama yako katushibisha mwezi huu," alisema. "Kila siku muhogo wa nazi! Mwambie ahsante."

Muhogo wa nazi nilimpikia mama tu. Sisi wengine tulifuturu tambi na mbatata. Nikaelewa papo hapo: nilikuwa nikimdunga dawa ya chakula kilichofuturiwa nyumba ya pili, na yeye amefunga. Sindano haiingii tumboni, kwa hiyo kwake haikufunguza. Ilikuwa dawa tu, kama dawa yoyote.

Nilimwita, hakuitika. Nikamkuta amekaa chini, ameegemea kitanda, nguo zimemrowa, macho yananipita. Nikakoroga sukari kwenye maji na kumpelekea kikombe mdomoni. Akayabana meno.

"Mama, kunywa!"

Akatikisa kichwa. Ulimi ulikuwa mzito. "Magharibi... ishaadhiniwa?"

Nje watu walikuwa bado wananunua mikate. Nikasema, "Ishaadhiniwa, mama. Futuru."

Akanyanyua viganja vinavyotetemeka, akasoma dua yake yote neno kwa neno, na mimi nikiona kila neno linanichelewesha. Kisha akanywa. Nikamwongeza kikombe cha pili na tende. Taratibu macho yakarudi, akanitambua, akaniuliza kwa nini nalia. Nikampima, sukari ilikuwa inapanda. Nikakaa naye chini pale pale, nimemshika mkono, sina nguvu hata ya kumgombeza.

Ndipo ikaadhiniwa kweli.

Mama aliisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja anifokee. Siku ile nilikuwa nimemwondolea kitu alichokipigania kuliko uhai wake, na nilijua nitamwondolea tena kesho yake, kwa nguvu ikibidi.

Hakunifokea. Alinifuta uso kwa ncha ya kanga yake.

"Kesho ntakula mbele yako," alisema. "Wewe umefunga, mwanangu. Usije ukaiharibu funga yako kwa uongo, kwa ajili yangu."