Nilipotumwa Kumleta Mtoto Misheni

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika nyuma ya jiko la masista. Nawaambia hilo mapema, ninyi vijana mnaosomea kazi za ustawi wa jamii, mnaopita kwangu kunipa shikamoo kabla ya kwenda mazoezini, msije mkadhani kwamba sisi wa enzi za Mjerumani tulikuwa na roho ngumu.

Misheni yetu ilikuwa milimani, upande wa Matombo. Wasichana wengi walimaliza shule wakaolewa. Sisi wachache tulibakizwa tukafundishwa kuosha vidonda, kumhudumia mzazi na kulea mtoto wa mkono. Lakini kumaliza masomo hakukutosha. Kabla ya kukabidhiwa kazi ulipelekwa kwanza "kutembea". Ndivyo tulivyoyaita mazoezi. Uliingia nyumba za watu vijijini, ukawahudumia, na nyuma yako alikuwapo msimamizi anayetazama mikono yako na kusikiliza ulimi wako. Akisema hujaiva, ulirudi kumenya ndizi jikoni.

Msimamizi wangu alikuwa Mama Perpetua. Mapadri wa pwani walimpata mdogo mno, mikononi mwa wauza watumwa, na hakujua kabila lake wala jina alilopewa na mama yake. Asubuhi ile ya kwanza alinisimamisha mbele ya nyumba ya mgonjwa.

"Agata, ukifika mlangoni unafanya nini?"

"Napiga hodi, Mama."

"Halafu?"

"Naingia."

"Huingii. Unasubiri. Nyumba ni ya wenyewe, si ya misheni."

Juu ya Mama Perpetua alikuwa Sista Mkuu, Mjerumani mrefu aliyesema Kiswahili taratibu, neno moja moja. Hakuwa mtu mbaya. Alikesha na wagonjwa kuliko yeyote kati yetu. Ila akiniita tu, niliacha kila nilichoshika nikakimbia.

Msimu wa masika aliniita. Katika kijiji kimoja cha juu, mama mmoja alikuwa amefariki na kuacha kichanga. Baba wa mtoto alikuwa amechukuliwa kazi za reli, huko chini upande wa Mikese, na hakuna aliyejua kama yu hai.

"Utakwenda peke yako," Sista Mkuu alisema. "Mama Perpetua ana homa. Umlete mtoto hapa. Kule atakufa."

"Wakinikatalia, Sista?"

"Hawatakukatalia. Haya ndiyo mazoezi yako ya mwisho. Mimi nataka kuona mtoto."

Nilipanda mlima huku mvua inaninyeshea, utelezi kila mahali, na kila kijito nilichovuka nilijiuliza nitakivukaje wakati wa kurudi nikiwa na kichanga mgongoni. Nilipofika nilipiga hodi, nikasubiri. Alitoka Mzee Mloka, kaka wa marehemu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo mwenye neno juu ya mtoto yule alikuwa yeye, mjomba.

Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akauliza, "Umekuja kumtazama au kumchukua?"

Nilitamani kudanganya. "Nimetumwa kumchukua, mjomba."

"Kuna binti wa jirani zetu alichukuliwa hivyo hivyo. Juzi kapita hapa na wenzake wa misheni. Mama yake mdogo alikuwa analima pale karibu na njia. Wamepishana kama watu wasiojuana." Akasogea kando ya mlango. "Ingia umtazame. Kumchukua, hapana."

Ndani alikaa bibi wa mtoto, mama mzazi wa marehemu, na kichanga kifuani. Mtoto alikuwa ananyonya titi kavu, akilia bila sauti. Utosi ulikuwa umebonyea. Nilijua kwamba mtoto wa namna ile, katika mvua ile, hafiki misheni. Na nilijua pia kwamba nikimwacha na titi kavu hafiki Jumapili.

Mama Perpetua alikuwa ametufundisha kwamba maziwa ya mwanamke aliyekwisha kuzaa yanaweza kurudi, hata kama ni bibi, ikiwa atalishwa vizuri na mtoto ataendelea kumnyonya. Alisema pia kwamba mara nyingine hayarudi. Nikamwomba Mzee Mloka mbuzi mwenye maziwa. Nilichemsha maziwa, nikayapunguza ukali kwa maji, nikachovya kitambaa safi na kumdondoshea mtoto mdomoni tone kwa tone. Bibi nilimpa uji na mchuzi wa maharage, na kila mara nilimrudishia mtoto kifuani.

Sikurudi misheni. Mtoto akilala niliweka kidole chini ya pua yake kuona kama anapumua. Akifa, ukoo ungesema nimemuua mimi, na misheni ingesema niliasi. Bibi aliniona nahangaika, akaniambia, "Kaa chini, mjukuu. Ukisimama hivyo unanitia hofu na mimi."

Asubuhi moja, wakati mtoto ameanza kulia kwa sauti ya kusikika, akaja askari wa akida, msimamizi wa vijiji aliyewekwa na Wajerumani. Sista Mkuu alikuwa amengoja mpaka akachoka, akamweleza Padri wa misheni, naye akamwomba akida msaada. Watu wa kijiji walipoona kofia ya askari, wengine walikimbilia migombani. Vita vya Maji Maji havikuwa vimepita siku nyingi, na kiboko cha boma kila mtu alikijua.

"Amri ya akida," askari alisema. "Mtoto ashuke misheni leo."

Mzee Mloka alisimama mlangoni. "Huyu hatoki."

Askari akashusha bunduki begani. Bibi alimkumbatia mtoto akajibanza ukutani. Mimi mpaka leo sijui sauti niliipata wapi.

"Afande," nikasema, "amri ni mtoto ashuke. Imesema ashuke na nani?"

Akanitazama. "Haikusema."

"Basi ashuke na bibi yake. Na mjomba wake pia. Amri yako utakuwa umeitimiza."

Akairudisha bunduki begani. Nadhani naye hakuwa na hamu ya kumpiga mtu mvuani. "Haya, twendeni," akasema.

Tukashuka sote, bibi akiwa amemfunika mtoto ndani ya kaniki yake, Mzee Mloka akimshika mkono kwenye vijito. Sista Mkuu alikuwa amesimama barazani. Alitutazama mmoja mmoja.

"Agata, nilikutuma kuleta mtoto. Umeniletea ukoo mzima."

Bibi alikaa chini kwenye ngazi, amechoka, akampa mtoto titi. Alipomtoa titini ili ambadilishe upande, maziwa yalimtiririka mtoto kidevuni. Sista Mkuu aliinama akamfuta kwa kidole, akakitazama kidole chake. Mama Perpetua alikuwa ametoka na blanketi la homa mabegani.

"Sista," alisema, "huyu ana watu."

Walikaa misheni mpaka mtoto akanenepa, kisha wakapanda kwao. Mtoto yule aliishi. Mzee Mloka alimgawia sehemu ya migomba ya ukoo, na leo wajukuu wa mtoto huyo nawafahamu.

Mimi sikufaulu. "Hukutii," Sista Mkuu aliniambia, "utatembea tena." Nikapelekwa Mikese kwenye kambi ya reli, kuwahudumia vibarua waliougua na kuwatafutia ndugu zao. Baada ya hapo nikawekwa Morogoro mjini, na hatimaye nikarudishwa milimani nikiwa msimamizi.

Ndipo ikaja vita ya Mjerumani na Mwingereza. Waingereza walipofika waliwachukua masista wa Kijerumani. Asubuhi ya kuondoka, Sista Mkuu aliniita kwenye nyumba ya watoto. Watoto walikuwa wamejipanga, wakubwa kwa wadogo, hawajui kitakachowapata. Na yeye alikuwa akiwafunga vifungo vya nguo, mmoja baada ya mwingine.

"Agata, hawa wana wajomba?"

"Wapo watakaokuwa nao, Sista."

"Mimi sikuuliza tulipowachukua," akasema. "Wewe uwatafutie."

Kazi hiyo ndiyo iliyokula sehemu kubwa ya maisha yangu. Nilitembea na watoto wale kijiji kwa kijiji, nikipiga hodi, nikisubiri, nikieleza mama alikufa wapi na mtoto alikuwa na alama gani. Wengine walipokewa kwa vigelegele. Kwingine tulifukuzwa. Waliokosa watu, Mama Perpetua aliwachukua kwake akawaita wanawe, na ndio waliomzika.

Nimestaafu siku nyingi, miguu hainibebi tena milimani. Mnaniuliza kazi hii inaisha lini moyoni. Yuko mwanamke anaitwa Monika, aliletwa misheni akiwa na siku chache tu, na sasa naye ana wajukuu. Wajomba zake sijawapata. Akija kunitembelea haulizi, ila nikimwona anaingia najua amekuja kufuata nini. Kwa hiyo kabla hamjaondoka, niambieni kila mmoja anapelekwa kijiji gani. Nina jambo nataka mniulizie huko.