Dhahabu Iliyo Chini ya Weusi

Usinikunjie uso kabla sijamaliza. Nilikuwepo, na macho yangu hayajazeeka kama miguu.

Miaka ile baada ya vita, jirani yangu mjane alipeleka saa ya marehemu mumewe kwa fundi wa saa wa Kamuli, nami nikamsindikiza. Ilikuwa saa ya wapiga mbizi, na marehemu aliogopa hata kuvuka mto. Mnunuzi wa mjini aliahidi mabati ya nyumba nzima, mradi maandishi ya dhahabu kwenye uso wake mweusi yawe ya kiwandani.

Fundi akabana lenzi jichoni. "Bandia, mama. Ya kweli hung'aa kama saa hii yangu. Niachie, nikupe kuku."

"Hebu nipe hiyo lenzi," nikasema.

Kwenye saa ya fundi, dhahabu ilikaa juu ya weusi, imevimba kama uji uliomwagika. Kwenye ya mjane, herufi zilikuwa chini, shaba ya uso wenyewe ikichungulia kama dhahabu. Ndivyo tunavyochora kibuyu kilichofukizwa moshi: unakwangua weusi, unjano unatokea.

"Mwanangu, yako umeipaka kwa brashi; ya huyu ndiyo ya kiwandani."

"Bibi, saa umesomea wapi?"

"Kwenye vibuyu. Kuku wako kamle na mkeo."

Nikachukua saa ya marehemu, nikamtanguliza mjane nje, na mlango nikaufunga mwenyewe.