Mashine Aliyopelekewa Baba Mwende

Nakumbuka Ijumaa moja kule Al Baraha, Dubai, mwanangu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, nilipokuwa bado kijana mwenye jibu la kila swali. Kioko, mlinzi mwenzangu tuliyeishi naye chumba kimoja, alikuwa anarudi Machakos Jumapili kwenda kuposa. Mtu akitoka Dubai haendi kwa wakwe mikono mitupu, kwa hiyo alikuwa amenunua mashine ya kuchezea diski kwenye ghala moja la Ras Al Khor, mpya kabisa ndani ya boksi lake.

Nilipoliona lile boksi nilicheka. Nikueleze kidogo. Baada ya DVD za kawaida zilikuja aina mbili za diski zenye picha safi zaidi, Blu-ray na HD DVD, na mashine ya aina moja haikusoma diski ya aina nyingine. Zikashindana, makampuni makubwa ya filamu yakaegemea Blu-ray, na HD DVD ikafa. Mashine zake zilizobaki zikauzwa kwa bei ya kutupa. Kioko alikuwa amenunua mojawapo; yangu ilikuwa ya Blu-ray.

"Buda, hili ni jeneza," nikamwambia.

"Wewe na Blu-ray yako! Si picha ni ile ile?"

"Utampelekea mzee mashine ambayo diski zake hazitengenezwi tena, halafu akupe binti?"

Uso wake ukabadilika. Akasema basi, ataiacha, atabeba blanketi. Wenzetu chumbani wakagawanyika, wengine kwake, wengine kwangu, na kelele zikashuka hadi kwa Mzee Khamisi, Mzanzibari aliyeuza chai chini ya jengo letu. Akapanda ngazi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Khalas, nyamazeni! Mnagombana utadhani mnaoa nyote. Huyo mkwe mwenyewe ana diski gani kwake?"

Nilikuwa nimesoma kila nilichokipata kuhusu mashine hizo, lakini swali hilo halikuwa limenijia.

"Hamjui? Basi pigeni simu. Yalla!"

Kioko akampigia Mwende, mchumba wake, akaweka spika ili sote tusikie. Mwende akacheka kwanza.

"Filamu? Baba hana hata moja. Anayoijali ni DVD ya kwaya ya kanisa, mama akiimba mbele kabla hajafariki. Lakini mashine yetu iliharibika. Siku hizi anaitoa tu hiyo diski, anaipangusa, anairudisha kabatini."

Nikachukua DVD ya kawaida kwenye rundo letu, nikaitia katika mashine ya Kioko. Ikacheza. Nikaitia katika yangu. Ikacheza vilevile. Kumbe mashine zote mbili zilisoma DVD za kawaida, jambo ambalo katika ubishi wote ule hakuna aliyelitaja.

"Haya," Mzee Khamisi akasema, "jeneza lenu linaimba. Mfungieni mwenzenu mzigo."

Jumatatu Kioko alipiga simu kutoka Machakos. Hakutusalimu, aliielekeza simu kwenye televisheni. Tukasikia kwaya, na juu ya kwaya sauti ya baba yake Mwende akifuatisha, nje kabisa ya tuni, kwa furaha yake yote.

"Amesema turudie wimbo wa pili," Kioko akanong'ona. "Nikitaja posa ananiambia, 'Ngoja kwanza, mwanangu.' Mmesikia? Ameshaniita mwanangu!"

Chumba kizima kilipiga kelele, na mimi nilipiga zaidi ya wote.

Mwanangu, sikukatazi kuchambua vitu. Mimi mwenyewe mengi nijuayo nimeyapata kwa kujisomea, na sijuti. Lakini kabla hujaamua kipi bora na kipi kimepitwa na wakati, muulize atakayekitumia anataka kimfanyie nini. Usikubali ubishi wa watu wasiohusika ukuondolee mkononi zawadi ambayo mtu anaisubiri. Mungu akujalie subira ya kuuliza, na wakwe watakaokupokea kwa vigelegele.