Pua ya Samawati

Mnisamehe kwanza. Mwandiko wangu umeinama, na mpaka leo nachanganya r na l, kwa sababu shule niliishia darasa la nane. Naandika polepole. Karatasi hizi zimenichukua siku nne, na bado mtakuta makosa.

Naishi Riruta na shosho, mama ya mama yangu, kwenye chumba kimoja cha kupanga. Ugonjwa wa sukari ulimmaliza macho. Zamani alikuwa mfanyakazi wa nyumba kule Parklands, kwa familia iliyofuga kasuku wadogo, wale wanaoenea kwenye ngumi. Aliwalisha miaka mingi hata akawajua kuliko wenyewe. Alipoacha kuona, kitu alichotaka ni sauti ndani ya nyumba. Mimi si msemaji. Naweza kumaliza siku na "eeh" na "hapana" tu. Mara moja aliniambia, "Nikikaa na wewe hapa, wakati mwingine sijui kama uko."

Mwanamke wa kanisani anayefua nguo Muthangari akatuambia kuna watu huko wanahama na wanatoa kasuku wao bure. Shosho akanituma.

"Uliza kama ni dume," alisema. "Dume ndiye hushika maneno. Jike ni kelele tu. Na uulize umri."

Nilifika, nikapewa kizimba langoni, na sikuuliza chochote. Niliona haya. Nilisema asante, na hata hiyo sijui kama ilisikika.

"Ni dume?" shosho aliuliza nikiwa bado mlangoni.

"Sijui."

"Hukuuliza?"

Nikaweka kizimba chini.

"Haya, kuja hapa uwe macho yangu. Kifua ni rangi gani?"

Hapo nilifurahi, maana neno nilikuwa nalo. Shuleni tulipokariri rangi, mwalimu alikataa tuseme bluu. Alisema Kiswahili sanifu ni samawati, na aliyesema bluu alisimama mpaka kipindi kiishe.

"Samawati," nilimwambia. "Uso ni mweupe. Mabawa yana mistari myeusi."

"Bluu wa kawaida. Vizuri. Wale wa manjano matupu wenye macho mekundu ndio hudanganya, dume lao linazeeka na pua ya waridi. Sasa paji la uso. Mistari imeshuka mpaka puani?"

"Hapana. Ni peupe."

"Basi amebadilisha manyoya, si kinda. Jicho?"

Niliinama. Ndani ya jicho jeusi kulikuwa na duara jembamba jeupe. Nikamwambia.

"Ni mtu mzima huyo. Mwaka ameufikia au ameupita. Pua sasa. Si mdomo, ni ile nyama juu ya mdomo yenye matundu mawili."

Niliangalia. Ilikuwa rangi hafifu, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi, na bluu kidogo sana ndani yake. Kuzunguka matundu ilikuwa nyeupe kabisa. Kwa rangi hiyo nilikuwa na neno moja tu.

"Samawati."

Shosho akapiga kofi moja. "Dume," alisema. "Ataongea."

Kuanzia siku hiyo alikaa kando ya kizimba akimfundisha kusema Bwana asifiwe. Alirudia asubuhi akinywa chai, akarudia mchana, hadi koo lake likakauka. Ndege alilia tu, kelele fupi za hasira. Fundi wa nguo, jirani yetu, alikuwa akichungulia mlangoni.

"Shosho, bado hajaokoka?"

"Atasema."

"Hiyo ndege imechukua tabia ya huyu mjukuu wako. Mmeweka bubu wawili kwa nyumba moja."

Shosho alicheka sana. Mimi nilitoka nje nikaanika nguo zilizokuwa zimeshakauka.

Baadaye pua ya ndege ikaanza kugeuka. Ikawa ya kahawia na yenye magamba, kama ukoko wa ugali. Nilidhani ni uchafu. Nilichovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu nikaisugua, naye akaning'ata. Haikutoka. Sikumwambia shosho. Niliogopa ataona simtunzi.

Asubuhi moja ya Julai ndege hakulia.

"Mbona kimya?" shosho aliuliza.

"Amekaa chini."

"Amejikunyata?"

"Eeh."

Sikusema kwamba mkia ulikuwa ukipanda na kushuka kila alipovuta pumzi. Aliuliza moja, nikajibu moja.

"Ni hii baridi. Mfunike."

Nilifunika kizimba kwa leso. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amekufa.

Shosho aliniambia nimweke kwenye kiganja chake. Alipapasa kichwa, akapapasa kifua, kisha vidole vikasimama chini ya tumbo.

"Kuna yai hapa," alisema. "Limekwama."

"Pua yake ni rangi gani?" aliniuliza.

"Kahawia."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili."

"Na mwanzoni?"

"Samawati."

"Samawati gani? Kama wino wa kalamu?"

"Hapana. Nyeupe nyeupe."

Alimfumbatia ndege mkononi. "Kama wino ndiyo dume," alisema. "Nyeupe nyeupe ni jike. Ikiwa kahawia, anataka kutaga. Ningejua, ningemshikilia juu ya mvuke, nimpake mafuta huko chini. Uliona, ukanyamaza."

Akaniomba kitambaa, akamfunga mwenyewe. Kilikuwa kile nilichomsugulia pua.

Tangu hapo hajaniuliza rangi ya kitu chochote. Jumapili akitaka kujua kama kitambaa cha kichwa kinaendana na gauni, anamwita fundi. Mimi nakuwa nimesimama hapo hapo, macho yangu mazima.

Kama umewahi kufuga ndege hawa, naomba uniandikie. Uniambie kama mvuke na mafuta vingemwokoa kweli au yai likikwama ndiyo basi. Na rangi ile ya pua ya jike, unaiitaje? Usinifiche hata kama kosa ni langu lote. Barua yako nitamsomea shosho kwa sauti, neno kwa neno.