Ng'ombe wa Lwakatare, Moto wa Ephrasia

Kijijini Izigo, mtu akikuomba chumvi unampa bila kufikiri. Akikuomba samadi, unamtazama usoni kwanza. Samadi ndiyo inayolisha kibanja cha migomba, na kibanja ndicho kinacholisha nyumba. Ndiyo maana Ephrasia alipokubali kuchimbiwa mtambo wa biogesi, wifi zake walisema ujane umemchanganya: kinyesi cha ng'ombe wake kitatumbukizwa shimoni badala ya kupelekwa kwenye migomba!

Lakini Ephrasia alikuwa anayaogopea macho yake. Moshi wa kuni ulikuwa umeyaharibu, na daktari alimwambia waziwazi kwamba akiendelea kupuliza moto wa mafiga atakuja kushikwa mkono kwenda kanisani.

Mtambo uliletwa na mradi wa ushirikiano. Fedha zilitoka Ulaya, wajenzi walikuwa vijana wa Muleba, na mtaalamu wa kuwaelekeza, Kashaija, alitoka Mbarara, Uganda. Kinyankole cha Kashaija na Kihaya cha Ephrasia ni ndugu, kwa hiyo waliongea bila mkalimani, wakichekana pale maneno yalipopishana. Sharti la mradi lilikuwa ng'ombe wawili wanaolishwa zizini.

Ephrasia alikuwa nao wawili, ila mmoja tu ndiye wake. Yule mwekundu alikuwa wa Lwakatare wa Nshamba, rafiki wa marehemu mumewe, aliyemkabidhi amtunze. Kwa desturi, mtunzaji hunywa maziwa na kutumia samadi. Ng'ombe hubaki wa mwenyewe, na siku mwenyewe akimtaka haulizwi kwa nini. Ephrasia alimweleza Kashaija hivyo hivyo.

"Mtambo hauulizi ng'ombe ni wa nani, mae," Kashaija alimjibu, akimwita mama kwa lugha yake. "Unauliza kama umeletewa chakula."

Misimu miwili ya kahawa ilipita, Ephrasia akipika kwa moto wa buluu usio na moshi. Macho yakaacha kutoa machozi. Akaanza tena kusoma kitabu chake cha nyimbo bila kupangusa macho.

Kisha asubuhi moja Lwakatare akaja na kamba begani.

"Mulamu, nimetazama paa lako tangu barabarani," alisema, akimwita shemeji kwa Kihaya. "Sikuona moshi. Nikajua leo nitalala njaa."

"Karibu waitu," Ephrasia alimwitikia kwa heshima. "Kaa, chai inachemka."

Lwakatare aliinama akautazama moto. "Na huu unatoka kwa ng'ombe wangu?"

"Nusu yake."

"Basi hii chai ni yangu, unanikaribisha tu." Walicheka. Alipomaliza kikombe aliiweka kamba magotini. "Kijana wangu anaoa. Wakwe wametaja ng'ombe."

Ephrasia angeweza kusema ng'ombe ana mimba, asubiriwe. Angeweza kusema ni wa mradi sasa. Maneno yote mawili yalimfika kinywani. Akainuka, akamwosha ng'ombe miguu, akamfunga kamba yeye mwenyewe na kumkabidhi.

"Hukuniuliza lolote," Lwakatare alisema.

"Nikuulize nini? Ni wako."

Haikupita wiki moto ukawa mwembamba, kisha ukawa hauwezi hata kuchemsha maharage. Ephrasia akarudi kwenye mafiga, na macho yakarudi kuwa mekundu. Alimpigia simu Kashaija.

"Mtambo ni mzima, mae. Una njaa tu. Tafuta samadi."

"Izigo hii? Afadhali ungeniambia nitafute dhahabu."

Hata hivyo alijifunga kitenge vizuri, akaenda kwa jirani yake Kemilembe, mwenye ng'ombe watatu na kibanja kinachosifiwa hadi Muleba mjini.

"Ephrasia," Kemilembe alisema akiwa amesimama mlangoni kwake, "uliomba mbegu ya maharage nikakupa. Uliomba mche wa mgomba nikakupa. Leo unataka migomba yangu ilale njaa?"

"Naazima tu. Unamwaga, gesi inatoka, tope linabaki. Tope unalichukua."

"Mkishalinyonya moto kinabaki nini? Makapi!"

"Njoo uone hayo makapi."

Walikwenda nyuma ya nyumba, mahali tope linapotokea. Migomba ya hapo ilikuwa na majani ya kijani kibichi sana, na mmoja ulikuwa umeegemezwa miti miwili kwa uzito wa mkungu. Kemilembe aliushika mkungu, akauinua kidogo kuupima.

"Hii ni ndizi ya entobe. Si ule mche niliokupa mimi?"

"Ndio huo."

"Mbona kwangu haijazaa hivi?"

Ephrasia alimwonyesha kwa kidole tope lililokuwa chini ya shina. Kemilembe akauzunguka mgomba, akakuna shingo.

"Sawa. Lakini tope likirudi, nitajuaje ni la ng'ombe wangu na si la huyo mkondefu wako?"

"Litachanganyika, Kemilembe."

"Basi naibiwa."

"Au unaniibia. Mkondefu wangu anakula majani mazuri."

Kesho yake Kemilembe alipita njia ya nyuma, ndoo ikiwa imefunikwa jani la mgomba, watu wasione anachogawa. Aliimwaga mwenyewe, akakoroga na maji, kisha akazunguka haraka hadi upande wa pili na kutega ndoo. Tope likatiririka.

"Hili si langu!" alipiga kelele. "Langu nimelimwaga sasa hivi!"

"La jana linatoka, la leo linaingia. Chukua."

Alichukua, huku akinung'unika. Lakini alirudi kesho yake, na keshokutwa, na safari ya tatu hakuifunika ndoo.

Moto uliporudi, Ephrasia alibandika maharage yake. Hayajachemka, Kemilembe akaingia jikoni na sufuria kubwa kichwani.

"Samadi yangu iko mle ndani," alisema. "Maharage yangu yatangulie."

Ephrasia akaepua sufuria yake, akampisha.