Waya Mweupe wa Marehemu

Nilipotoka eda, niliipeleka pikapu ya marehemu mume wangu kwa fundi umeme wa magari, hapa Morogoro, aifungie taa za ukungu. Mkwe wangu hushusha ndizi kutoka milimani alfajiri, na kuna siku haoni hata kona iliyo mbele yake.

Chini ya dashibodi fundi alikuta waya mweupe, wa kufungia taa za nyumbani.

“Mama, huu umekufa. Naukata,” akasema, koleo mkononi.

“Umeupima?”

“Si naona tu, mama!”

“Baba, usiuzike kabla hujaupima.”

Akacheka, akaugusisha taa ya kupimia. Haikuwaka. Akawasha taa kubwa za gari, bado kimya. Akanitazama kama mtu aliyeshinda.

Nikakumbuka marehemu alivyolala chini ya gari hili akihangaika na taa za nyuma. Nikapanda, nikakanyaga breki. Ile taa ikawaka mkononi mwa fundi.

“Astaghafirullah,” akasema. “Ningemshusha mkweo huko mlimani bila taa za breki.”

Koleo akaliweka chini.

Taa za ukungu zinawaka vizuri, alhamdulillahi. Na wanaokuja kuniambia kitu gani cha marehemu hakina kazi tena, nawajibu: kwanza kanyageni breki.