Uso wa Bibi Kwenye Kifuniko cha Mkebe

Harufu ya gundi ya viatu hunirudisha kwenye kibaraza cha nyuma cha nyumba yetu mjini Morogoro, wakati wa kipupwe, upepo ulipokuwa ukishuka asubuhi kutoka Uluguru na kutukuta tumejikunyata ndani ya kanga. Ni harufu kali yenye utamu kidogo, inayokaa puani mpaka chakula cha mchana. Nyuma yake huja sauti ya kingo za kioo zikisuguliwa kwenye jiwe lenye maji, mkwaruzo unaotia ganzi meno. Nilikuwa darasa la tano. Kipupwe kile chote nilikitumia kutengeneza zawadi nne za aina moja: vipande vya kioo vyenye picha ya Bibi ndani na sumaku mgongoni. Wazo nililipata kwa jirani yetu, ambaye peke yake mtaani alikuwa na friji. Kwenye mlango wa friji lile palikuwa na kipande cha kioo chenye picha ya maua, alicholetewa na shemeji yake kutoka nje. Siku moja nilikibandua nikakisogeza tena taratibu, kikaruka kutoka vidoleni mwangu na kuganda chenyewe, kana kwamba kimeitwa. Sisi hatukuwa na friji, lakini nilipoizungukia nyumba yetu kwa macho niligundua kwamba hakuna nyumba isiyo na kitu cha chuma.

Bibi, mama yake Mama, alikuwa amefariki masika ya mwaka huohuo huko Kinole, upande wa pili wa milima. Siku ile mvua ilikuwa imejaza kijito na kuikata barabara. Gari alilopanda Mama lilikwama njiani, akashuka, akatembea kwenye tope na kanga yake kichwani, na alipofika udongo wa kaburi ulikuwa umeshalowa. Kwetu maiti haisubiri, na hakuna ndugu aliyemlaumu. Alijilaumu mwenyewe. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, na Mama ndiye aliyekuwa binti wa mwisho, yule ambaye Bibi alimwita kifunga tumbo changu. "Nimemkosa mama yangu kwa kijito kimoja," alikuwa akisema, halafu anaendelea kuchambua mchele.

Kilichobaki kilikuwa kaseti. Miezi michache kabla ya Bibi kufariki, Mjomba Rajabu, kaka yake Mama, alipeleka redio kaseti yake kijijini ili amrekodi. Bibi alimwambia abonyeze panapobonyezwa, kisha atoke. "Haya ni ya Zaina," alimwambia, akimtaja Mama. "Wewe ya kwako nitakwambia usoni." Mjomba akakaa nje kwenye migomba mpaka alipoitwa. Kwa hiyo hapakuwa na mtu duniani aliyejua Bibi alisema nini. Mama alikabidhiwa kaseti ile matangani na hakuisikiliza. Alisema hawezi akiwa peke yake, angeisikiliza siku ya hitima ya mwaka, ndugu zake wakiwa pembeni na moyo umetulia. Subira yavuta heri, alisema. Aliikunja kanga ya Bibi ndani ya mkebe wa biskuti, ule mfupi wa mviringo, akaiweka kaseti juu yake, akafunga kifuniko.

Hitima ingekuwa masika yatakayofuata, na mimi nilitaka watoto wanne wa Bibi wapate kitu kutoka mkononi mwangu. Picha zilikuwepo nne, ndogo za pasipoti, ambazo Bibi alipigwa mjini kwa ajili ya kitambulisho. Kwa fundi vioo wa karibu na soko kulikuwa na sanduku la mabaki, nikamwamkia shikamoo na kumwomba. "Chukua," alisema, "lakini ukitoka damu usinililie mimi." Alinionyesha kwamba kioo hakikatwi: kinachorwa mstari mmoja kwa almasi, bila kurudia, kisha kinavunjwa kwa vidole viwili kama biskuti. Mistari alinichorea yeye, kuvunja nilivunja mwenyewe. Kingo nilizisugua kwenye jiwe mpaka shavu langu likaweza kupita juu yake bila kukwaruzwa. Picha niliibandika uso kwenye kioo kwa gundi nyeupe ya seremala, nikaisukuma kwa kidole gumba kutoka katikati kwenda pembeni, povu la hewa lisije likakaa juu ya jicho la Bibi. Gundi ile inapopakwa ni kama maziwa. Kesho yake imekauka haionekani, na uso unajitokeza polepole kama mtu anayesogea dirishani. Pembeni nilizungusha karatasi ya dhahabu ya pakiti za sigara, na nje yake mstari mwembamba wa rangi ya kucha.

Sumaku zilitoka kwenye spika mbovu niliyopewa na fundi redio. Niliifunga kwenye gunia nikaigonga kwa nyundo, na ile pete nyeusi ikapasuka vipande visivyolingana. Hivyo ndivyo nilivyovibandika, kwa gundi ya viatu, juu ya kipande cha boksi nyuma ya kila picha. Nakumbuka vizuri jinsi nilivyogawa. Mjomba Rajabu na mama wakubwa wawili walipata vipande vidogo. Cha Mama nilikipa kile kikubwa kuliko vyote, karibu nusu ya pete, kwa sababu ndiye niliyempenda kuliko wote na nilitaka cha kwake kishike kwa nguvu.

Mama nilimpa mapema, wengine wasubiri siku ya hitima. Aliketi na kioo kile mapajani akikigeuza kwenye mwanga. "Mama yangu amejengewa nyumba ya kioo," alisema. Kisha akaingia chumbani, akautoa mkebe wa biskuti uvunguni, na kukiweka juu ya kifuniko. Kiliganda kwa mlio mmoja mzito. "Uso na sauti vikae pamoja," alisema. Kila usiku kabla ya kulala aliuvuta mkebe, akampangusa Bibi uso kwa ncha ya kanga, akaurudisha. Nilikuwa nikimwona kutoka kitandani kwangu, na nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Siku ya hitima tulipanda Kinole. Baada ya kisomo na pilau, ukoo ulikaa uani, na Mjomba Rajabu akaweka redio kaseti juu ya kinu kilichopinduliwa. Mama alikuja na mkebe wake kifuani. Niligawa zawadi zangu, na mama wakubwa wakazishika kwa mikono miwili, wakanibusu kichwani. Mama akafungua mkebe, akampa kaka yake kaseti. Mjomba akabonyeza.

Mwanzoni tulisikia mvumo mtupu, kama mvua ya mbali kwenye majani ya migomba. Kisha sauti ya Bibi ikaja, ya kwake hasa, ile yenye mkwaruzo wa ugoro. "Zaina mwa..." Ikazama. Ikaibuka na kikohozi, ikazama. Ikaibuka na nusu ya neno, ikazama tena, kwa mwendo uleule, kama mtu anayezibwa mdomo kwa kiganja na kuachiwa, anazibwa na kuachiwa. Haikufika hata sentensi moja. Mtoto mmoja akaanza kulia. Mama mkubwa mmoja akasema bismillahi. Mjomba alizima, akaipuliza kaseti, akairudisha, ikawa vilevile. Mpaka leo sijui sauti nyingine iliyowahi kuniganda mgongoni namna ile, maana alikuwa ni yeye, alikuwepo, na kulikuwa na kitu kinachomzuia.

Hapo ndipo Mzee Kibwana alipofungua mdomo. Yeye alikuwa mtani wa ukoo wetu, na mtani kwetu ana ruhusa ya kusema lolote msibani, hata juu ya marehemu. Ndiyo kazi yake. "Zaina," alisema, "mama yako amenuna. Wewe ulichelewa kumzika, na yeye anachelewa kukwambia. Mchinjie kuku kwanza." Watu walicheka, kwa sababu walikuwa wameogopa na walihitaji kucheka, na kwa sababu mtani hachukiwi. Mama naye alicheka. Lakini nilikuwa nimekaa kando yake na mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wake, nikausikia unapoa, kama maji ya moto yaliyomwagiwa ya mtungi. Lisemwalo lipo, husema watu, na yeye aliliamini. Aliirudisha kaseti mkebeni, akafunga kifuniko chenye uso, na hakukifungua tena. Tangu hapo kila masika alipanda Kinole na kuku, akachinja, akakaa kaburini peke yake. Niliwahi kumfuata nikamsikia. Alikuwa anaomba msamaha, kwa maneno yaleyale, kama mtoto aliyefungiwa nje.

Shule yangu haikufika mbali, na mengi ninayoyajua nimeyasoma mwenyewe kwenye vitabu vya mitumba. Nilisoma kwamba utepe wa kaseti ni vumbi la chuma lililopangwa kwa sumaku, na sumaku nyingine inaweza kulipangua. Nilisoma pia kwamba sumaku ya spika ni kali. Mambo hayo mawili nilikaa nayo kichwani miaka mingi bila kuyakutanisha. Kisha Mama alizeeka, nikamhamishia kwangu Kihonda, na siku ya kupanga vitu vyake nikauona mkebe. Nilikibandua kioo kwa nguvu, kumbe bado kilikuwa kinashika. Nilipokirudisha juu ya kifuniko, ndani ya mkebe kitu kikagonga. Nikakitoa, kimya. Nikakirudisha, kikagonga tena. Kilikuwa ni kaseti. Viskurubu vyake vidogo vilikuwa vinaruka kuufuata uso wa Bibi. Nilikaa chini sakafuni. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki nilikuwa nimekipamba kwa karatasi ya dhahabu.

Sikumwambia siku ile, maana sipendi kusema nisilolihakikisha. Dumila kando ya barabara nilipata redio kaseti kuukuu na kaseti ya taarabu. Niliiacha kaseti ile chini ya kifuniko kilekile, kioo juu yake, kisha nikaisikiliza. Mwimbaji alizama na kuibuka, na kila alipozama gurudumu la utepe lilikuwa limemaliza mzunguko mmoja. Hapakuwa na kiganja cha mtu. Ni ule upande wa utepe uliolala karibu na sumaku.

Nilimweleza Mama jikoni, kwa mpangilio, kama nilivyojiandaa. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono, nikampa kile kioo.

"Hiki nilichokiweka mimi?" aliuliza.

Swali hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilikuwa nimekuja kumtua mzigo, na nikaona nimemkabidhi mwingine. "Nilikitengeneza mimi, Mama," nilisema.

"Na mimi nikakiweka." Akawa anapangusa uso wa Bibi kwa ncha ya kanga, kama zamani. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Kibwana kafa hajui. Kuku wote wale, Salma. Kuku wote wale, na mtu mwenyewe hakununa." Kisha akatulia. "Mama yangu hakununa," alisema tena, polepole. "Kosa la mkono nalijua, mwanangu. Nimeunguza vyungu, nimemwaga uji. Hilo nitalibeba. Lile lingine ndilo lilikuwa zito."

Alichosema Bibi hatutakijua, na hakuna kitabu kitakachokirudisha. Kioo Mama alikibandika mwenyewe kwenye friji langu, na hapo ndipo kilipo. Siku hizi binti yangu Rehema anamrekodi bibi yake kwa simu akipika, akisinzia, akigombana na paka. Zamani tulikuwa na sauti moja mahali pamoja, tukaiogopa mpaka ikaisha. Sasa tuna sauti nyingi mahali pengi, na sijamwona mtu akizisikiliza. Wiki iliyopita Mama alimwita Rehema jikoni. "Washa, kisha toka," alimwambia. "Haya ni ya mama yako. Na simu yenyewe weka mbali na hilo friji."

Mimi najua kwamba simu haihifadhi sauti kwa namna ya kaseti, na kioo kile hakiwezi kuifanya lolote. Rehema alipowasha niliichukua simu nikaiweka kwenye dirisha la mbali kuliko yote, nikamsogezea Mama kiti, nikatoka na kufunga mlango. Aliponiita, sikungoja siku yoyote. Nilikaa mbele yake nikabonyeza. "Salma mwanangu," alisema, na sauti ikaendelea moja kwa moja bila kuzama, huku mdomo wake, pale mbele yangu, umefungwa.